Daftari la Mjomba Lililonusurika Kufungia Karanga

Usiku wa kuamkia mazishi ya mjomba, kamati ya msiba ilinikabidhi kalamu. "Wewe ndiye msomi, andika wasifu wa marehemu." Nikakaa chini ya turubai pale Kijitonyama mpaka saa saba usiku, karatasi ikabaki na sentensi sita. Alizaliwa, akasoma, akajiunga na JWTZ, akapigana Vita vya Kagera, akawa mhandisi wa kompyuta mpaka alipostaafu, ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu tisa. Basi. Nikauliza kama alifika Kampala. Mama akasema alifika, mama mdogo akasema aliishia Masaka. Mkewe alikuwa ndani amejilaza, na hakuna aliyethubutu kwenda kumsumbua kwa swali kama hilo. Nikaandika "alishiriki kikamilifu", maneno ambayo mtu huyaandika akiwa hajui kitu.

Kijana aliyekuwa na miaka 20 jeshi la Idi Amin lilipovamia Kagera, Oktoba 1978, leo amevuka 65. Kama unaye nyumbani, soma nilikokosea mimi.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuuliza maswali makubwa. Zamani nilimwuliza, "Mjomba, vita ilikuwaje?" Akanijibu, "Tulikwenda, tukarudi," akageuza ukurasa wa gazeti. Nikirudia mwaka mwingine, jibu lile lile. Kilichokuja kumfungua mdomo ni betri. Ilikuwa kipindi cha mgao wa umeme, tumekaa barazani gizani, nikamwuliza tu kwa udadisi: kule mstari wa mbele redio mlikuwa mnazichajije? Akaongea saa nzima. Kumbe alikuwa mtu wa redio za mawasiliano. Akanieleza mapigano ya Lukaya, ndani ya Uganda, Machi 1979, barabara imekatiza kinamasi, mvua inanyesha, na betri amezifunga kwa mfuko wa nailoni na kuzikumbatia kama mtoto. Ujumbe wote waliuandika kwa penseli, maana wino ukilowa unayeyuka na amri ya kamanda inakuwa bluu tupu.

Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Sikurekodi hata dakika moja.

Kwa hiyo uliza vitu. Uliza walikula nini, viatu vilitoka wapi, nani alikuwa anakoroma. Omba ruhusa, weka simu mezani ikirekodi, halafu isahau. Nenda asubuhi baada ya chai, jioni wazee wamechoka na taarifa ya habari inawasubiri. Na akinyamaza katikati, mwache. Mjomba alikuwa na sehemu moja ya hadithi, baada tu ya Lukaya, ambayo akiifikia anaomba maji ya kunywa na kuanza kuulizia masomo ya watoto wangu. Sikuwahi kumsukuma, na silijutii hilo.

Upande wa kompyuta ndiko nilikoambulia zaidi, tena baada ya yeye kuondoka. Vijana wengi wanadhani kompyuta zilikuja Dar pamoja na intaneti. Ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake, na marufuku hiyo ilikuja kulegezwa miaka mingi baadaye. Mjomba alitoka vitani akaingia kwenye fani ambayo mashine mpya haiji, vipuri vya shida, na ile iliyopo lazima ifanye kazi mpaka mishahara itoke. Ndiyo maana hakuwa mtu wa kutupa kitu. Mkewe aliwahi kukuta ubao wa saketi kwenye kabati la vyombo, umefungwa kwa kanga.

Haya sikuyapata ndani ya nyumba. Niliyapata chini ya mwarobaini, walikokaa wazee wenzake na kahawa zao. Mmoja alikumbuka chumba cha mashine kilivyokuwa na baridi hadi watu wakavaa sweta huku nje Dar inaungua. Programu zilikuwa kwenye kadi za karatasi ngumu zilizotobolewa matundu, kila kadi safu 80, na trei ikianguka kazi ya wiki nzima imevurugika. Mjomba akiwa na penseli yake alikuwa anachora mstari wa mshazari juu ya ukingo wa kadi zote zikiwa zimepangwa. Zikianguka, unazirudisha kwa kufuata mstari. Kwenye msiba, basi, usishinde jikoni kwenye sufuria za pilau. Nenda kwa wale wazee, chukua namba zao za simu kabla hawajapanda daladala.

Tanga lilipoanuliwa, watu wakaanza kusafisha. Hapa naomba nisikilizwe vizuri: funga chumba cha marehemu kwa kufuli. Sisi hatukufunga. Magazeti na "makaratasi ya zamani" yakauzwa kwa kilo, na siku mbili baadaye nilinunua karanga karibu na stendi ya Makumbusho zikiwa zimefungwa kwenye mwandiko wa mjomba. Nilisimama pale kama mwehu. Muuza karanga alikuwa amebakiwa na daftari moja zima, akaniuzia kwa shilingi 2,000. Mengine yalishaliwa na mji.

Diski za flopi tulizikuta kwenye bati la biskuti, 22, nyingine zimeota ukungu kwa unyevu wetu huu wa pwani. Diski yenye ukungu usiitumbukize kwenye kisomaji, utaharibu vyote viwili. Fundi mmoja wa Kariakoo alizisafisha kwanza, akatoa nakala nzima ya kila diski, ndipo tukafungua mafaili kutoka kwenye nakala. Zilisomeka 9. Barua alizoandika kwa WordPerfect, programu ya zamani ya kuandikia, zilifunguka kwa LibreOffice, programu ya bure ya siku hizi, bila shida. Nyingi ni maombi ya vipuri, yenye adabu inayopungua kadiri miezi inavyopita.

Simu nayo: laini usiiache ife, maana namba za uthibitisho za kufungulia barua pepe zinatumwa huko. Pesa iliyomo ni ya mirathi, isiguswe na mjanja wa familia. Mzee akiwa hai, kaa naye aweke kwenye akaunti yake ya Google mtu wa kukabidhiwa data akaunti ikikaa kimya muda mrefu. Mpangilio huo upo. Mjomba, aliyetuhubiria sisi wote habari ya kuweka nakala, hakuwahi kuugusa.

Daftari ninalo hapa. Kila ukurasa una safu tatu za penseli: Dalili, Sababu, Dawa. Alianza nalo kazini na akaendelea baada ya kustaafu, na pasi za majirani zimo. Ukurasa wa mwisho nimejikuta mwenyewe. Naikumbuka siku ile, nilimpelekea laptop iliyozima ghafla, akaniambia niiache nikae, itachukua saa mbili. Tulikunywa chai, tukaongea mpaka jua likazama.

Dalili: laptop ya mpwa, haiwaki. Sababu: soketi ya kwake ukutani ilizimwa, betri imeisha. Dawa: nimeichomeka. Mwenyewe hajaambiwa.