Wasiwasi hunenepa unapoukwepa

Wasiwasi kabla ya mtihani au usaili wa kazi si ugonjwa. Wataalamu huanza kuuita ugonjwa pale mtu anapohangaikia mambo mengi karibu kila siku kwa miezi 6 au zaidi, anashindwa kujizuia, usingizi unakatika, misuli inakaza na kazi zinalala.

Anza kwa daktari wa kawaida. Tezi ya shingo ikizidisha kazi huleta moyo kwenda mbio, jasho na mikono kutetemeka, dalili zilezile za wasiwasi. Mweleze pia dawa unazotumia, kahawa na pombe, bila kuficha chochote. Pombe hutuliza usiku, lakini asubuhi wasiwasi huamka na nguvu zaidi.

Kinachoudumisha hasa ni kukwepa. Anayeogopa lifti akipanda ngazi, hofu hushuka papo hapo, na ubongo huhitimisha kwamba ngazi ndizo zilizomwokoa. Safari ijayo lifti inatisha zaidi. Kuna ukwepaji uliojificha pia: kupima mapigo ya moyo kila mara, kutotoka bila mwenzako, kuulizia jambo lilelile ili uhakikishiwe. Huu ndio wengi hawauoni.

Kwa hiyo tiba ya mazungumzo inayolenga fikra na tabia haiishii kwenye mazungumzo. Kwa kawaida ni vikao 12 hadi 20, kimoja kwa wiki. Wewe na mtaalamu mnaorodhesha hali unazozikwepa na kuzipa alama za hofu kutoka 0 hadi 100. Unaanza na ya 30 au 40, si ya 90, kisha unairudia siku kadhaa kwa wiki. Ukitoka hofu ikiwa kileleni, umejifunza tena kukimbia. Kaa mpaka uone kwamba ulichokihofia hakikutokea. Hata shambulio la hofu kali kwa kawaida hufika kilele ndani ya dakika 10, kisha hushuka.

Kikao cha kwanza, uliza: una leseni? Nitafanya mazoezi gani nyumbani? Tutapimaje maendeleo? Mtaalamu mpole asiyekupa zoezi lolote atakufariji tu. Wiki za mwanzo za mazoezi hofu inaweza kupanda, na wengi huacha hapo hapo. Mwambie mtaalamu, mpunguze ukubwa wa hatua.

Ukiandikiwa dawa, nyingi huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na usiziache ghafla. Mawazo ya kujiua yakija, usingoje miadi: mwambie mtu wa karibu na uende hospitali siku hiyohiyo.