Jumatano Moja Roma

SWALI: Mhariri, nitakuwa Roma Jumatano tu. Natamani kuingia Kanisa la Mtakatifu Petro, walikotangazwa watakatifu Mashahidi wetu wa Uganda mwaka 1964, na Kikanisa cha Sistine kilicho Vatikani. Nianze wapi? – Msomaji, Jinja

JIBU: Anza na Sistine, ndugu yetu. Jumatano asubuhi Papa akikutana na mahujaji uwanjani, watalii hawaingii kanisani kwa Petro mpaka umati utawanyike. Sistine huingiwa kupitia Makumbusho ya Vatikani, mlango mwingine kabisa, kando ya ukuta. Nunua tiketi mtandaoni mapema. Kupiga picha ndani ya Sistine ni marufuku.

Mchana nenda kwa Petro. Kuingia ni bure; foleni ile ndefu ni ya ukaguzi wa mizigo. Funika mabega na magoti, la sivyo utarudishwa mlangoni. Kupanda hadi juu ya kuba la kanisa ni ngazi 551. Hata kwa lifti hubaki 320, nyembamba mno. Kwenye metro (treni ya chini ya ardhi), pochi ikae mfuko wa mbele.