Kabla ya kuchagua ufukwe Unguja, uliza maji

Likizo ikikaribia tu, simu yangu hujaa swali lilelile kutoka kwa ndugu na marafiki wa bara: "Tunakuja Unguja, ufukwe gani mzuri?" Nami huwajibu kwa swali: mnakuja mwezi wa ngapi? Simaanishi Julai au Desemba, hayo tutayafikia. Namaanisha mwezi wa angani, utakuwa mchanga, nusu au mpevu?

Wengi hudhani natania. Lakini mtu akikasirika na Unguja, mara nyingi kisa ni maji. Bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, yaani za maji makubwa, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa hukaribia mita 4. Upande wa mashariki, kuanzia Matemwe kushuka hadi Jambiani, sakafu ya bahari ni bapa, imetandaa mpaka kwenye mwamba ulio mbali. Maji yakitoka huko, yametoka kweli. Unabaki na mchanga, vidimbwi na mitumbwi iliyolala ubavu, na bahari yenyewe ni mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika mwambani. Mgeni aliyelipia chumba kinachotazama bahari anafungua pazia asubuhi, bahari haioni. Anapiga simu mapokezi. Nimewahi kumsikia mmoja akiuliza itarudishwa lini.

Basi shika hili. Bamvua huja mwezi unapoandama na tena unapokuwa mpevu. Siku hizo, hapa kwetu, maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50, kwa hiyo baada ya wiki moja mambo yamegeuka: asubuhi saa nne maji yamejaa, jioni yametoka. Ila huo ndio wakati wa maji mafu, tofauti ni ndogo, bahari haiendi mbali wala haiji juu sana. Mwenye watoto wadogo wanaotaka kuoga asubuhi na kulala mchana, achague mashariki siku za mwezi nusu. Anayependa kuogelea jioni jua likipoa, bamvua itamfaa. Jedwali la maji hupatikana kwenye simu, na mvuvi yeyote utakayemkuta pwani atakwambia bila hata kutazama simu.

Kama hutaki hesabu hizi, nenda kaskazini. Nungwi na Kendwa kina kinashuka haraka, hivyo maji hayakimbii mbali na unaweza kuogelea karibu saa yoyote. Kendwa ndiyo naipenda zaidi kwa kuogelea tu: mchanga laini, maji safi, na jua linazama baharini mbele yako. Lakini mwezi ukiwa mpevu hapo huwa na sherehe kubwa za usiku, na muziki hauulizi nani amelala. Nungwi ni mji wa watu, pamejaa mahoteli, na papasi, wale vijana wanaowafuata wageni wakiuza safari, hawatakuacha utembee hatua kumi bila kuuziwa safari ya boti. Jibu "hapana, ahsante" kwa upole, endelea kutembea, usisimame kujieleza.

Jambo ambalo wageni wengi wa Nungwi hulipita ni mafundi wa vyombo. Majahazi bado yanaundwa pale ufukweni, chini ya vivuli vya makuti. Kaa kidogo umtazame fundi akitia kalafati: anachukua pamba iliyolowa mafuta, anaisokota kwa kidole, anaiingiza kwenye mwanya kati ya mbao mbili, kisha anaigongea ndani kwa patasi butu, pigo dogo dogo, mpaka mwanya umeziba. Anasogea kidogo, anaanza tena. Upande mmoja wa jahazi humaliza siku nyingi hivyo. Ukitaka kupiga picha, msalimie kwanza na umwombe.

Sasa mashariki, ambako mimi mwenyewe hukimbilia nikipata nafasi. Siendi kuogelea, naenda kwa ajili ya maji kupwa. Jambiani asubuhi ya bamvua ni kijiji kizima kimehamia baharini. Akina mama wanashuka na magunia kuelekea kwenye mashamba ya mwani, yale mistari ya vijiti na kamba unayoiona ikitokeza maji yanapotoka. Kilimo hiki kilianza kama biashara mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Wengine wanachokoa pweza kwenye mashimo ya mwamba. Watoto wanafukuza samaki vidimbwini. Ukitembea nao unaona nyota za bahari, majongoo, kaa wa kila namna, na chini ya maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu kuna rangi usizozitarajia.

Lakini usiende peke yako wala miguu mitupu. Vaa viatu vya maji, kwa sababu kwenye mawe kuna wale viumbe weusi wenye miiba mirefu, na mwiba wao ukivunjikia ndani ya nyayo, likizo imekwisha. Tafuta mwenyeji wa kijijini, mlipe, akupeleke na akurudishe. Maji yanapogeuka hayaji kwa mbele tu kama unavyodhani. Hujaza kwanza mikondo ya chini iliyo nyuma yako, nawe ukiwa bado umesimama mahali pakavu. Akina mama wakianza kubeba magunia yao, geuka nao. Na usikanyage kamba za mwani, hilo ni shamba la mtu.

Paje ni ya upepo. Vijana wenye tiara wanaoteleza juu ya maji ndio wenye pwani ile, na pepo zikishika, kuogelea katikati yao si raha. Ukipanda juu hadi Pingwe kuna ule mgahawa uliojengwa juu ya jiwe baharini; maji yakitoka unauendea kwa miguu, yakijaa unavushwa kwa mashua. Chakula unaweza kupata kizuri zaidi kwingine, watu huenda kwa ajili ya jiwe. Ng'ambo ya rasi hiyohiyo iko Michamvi Kae, pwani ya mashariki inayotazama magharibi, kwa hiyo unapata machweo bila kusafiri hadi Kendwa. Watu wachache, bei za boti zinazungumzika.

Pepo nazo zina lake. Kusi likivuma, Juni mpaka Septemba, hali ya hewa ni ya ubaridi mzuri, ila pwani ya mashariki inapigwa na upepo na safari za boti huko huwa za kurushwarushwa. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, joto linapanda na pwani za kaskazini mashariki ndizo zinazochafuka. Kusini magharibi, Fumba na Kizimkazi, hutulia zaidi. Machi hadi Mei ni masika, mahoteli mengi hushusha bei na mengine hufunga kabisa. Wakati wa maleleji, pepo zikiwa zinabadilishana, kabla vuli haijakolea, bahari hulala na maji yanakuwa maangavu. Mwenye nia ya kutazama matumbawe avizie hapo.

Kwa matumbawe, jina linalotajwa na kila mtu ni Mnemba, na ni kweli pazuri. Kisiwa chenyewe ni cha hoteli, hushuki. Unaogelea pembeni yake, kwenye mwamba. Toka alfajiri, kwani kuanzia katikati ya asubuhi boti ni nyingi kuliko samaki. Mimi nikiambiwa nichague mahali pamoja tu, nachagua kisiwa cha Chumbe, upande wa mji. Ni hifadhi ya bahari tangu 1994, wageni wanaoruhusiwa kwa siku ni wachache na lazima uandikishe nafasi mapema. Hakuna kuzamia kwa mitungi, ni miwani na kupumulia mrija tu, na matumbawe yake yako hai kwa namna inayokufanya utambue jinsi kwingine kulivyochoka. Kuna mnara wa taa wa 1904 unaoupanda, na usiku kaa wakubwa wanaokwea minazi hutoka. Ni ghali, sifichi.

Nakupenda, lile fungu la mchanga mbele ya Mji Mkongwe, liko kwa ratiba ya maji tu. Maji yakijaa linamezwa. Kabla hujatoa pesa muulize nahodha litabaki wazi mpaka saa ngapi siku hiyo, maana wapo watakaokupeleka wakati limebaki kama mkeka. Wengi huunganisha na kisiwa cha Changuu, penye kobe wakubwa walioletwa kutoka Shelisheli 1919 na jela iliyojengwa miaka ya 1890 ambayo haikufunga wahalifu bali ilitumika kama karantini.

Kizimkazi nina neno. Pomboo wapo, na wanaweza kuonekana karibu kila asubuhi. Mara ya mwisho nilipokwenda, boti zetu ziliwazunguka pande zote, injini zinanguruma, kila pezi likitokeza watu wanaambiwa "ruka, ruka sasa!" na pomboo wanazama waende zao. Sikuruka. Ukienda, kubaliana na nahodha kabla ya kuondoka kwamba atakaa mbali na kuzima injini. Akikataa, mtafute mwingine. Na kabla ya kurudi pita Dimbani uone msikiti ambao kibla chake kina maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Vua viatu, jifunike, mwombe mlinzi akufungulie.

Asubuhi ambazo maji yametoka na huna hamu ya kutembea mwambani, fanya ya nchi kavu. Msitu wa Jozani una kima punju, mnyama ambaye asili yake ni Unguja tu. Wanakaa karibu na njia, wametulia, na hujulikana kwa kula mkaa, ambao husaidia dhidi ya sumu iliyo kwenye majani wanayokula. Njia ya mbao ndani ya mikoko ni nzuri zaidi maji yakiwa yamejaa, kwa hiyo panga saa yako.

Mji Mkongwe usiupe saa mbili ukiwa na mabegi, ukingoja boti. Lala angalau usiku mmoja. Jumba la Beit el Ajaib la 1883 sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, utaitazama kwa nje. Kanisa la Mkunazini, lililoanza kujengwa 1873 mwaka soko la watumwa lilipofungwa, nenda asubuhi kabla ya makundi, na umchukue mwongozaji wa pale pale. Jioni za bamvua shuka Forodhani: bahari imejaa hadi ukutani, vijana wanaruka kutoka ukingoni mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na mbwembwe zake. Kula urojo na mishikaki inayochomwa mbele yako. Kamba waliopangwa mezani tangu magharibi waachie wengine.

Mavazi ya kuogelea ni ya ufukweni. Ukiingia kijijini au mjini, mabega na magoti yafunikwe, wanaume pia. Ramadhani usile wala kunywa barabarani mchana.

Kwa usafiri, daladala zinafika karibu kote: namba 116 huenda Nungwi, 309 Jambiani. Ni polepole, mizigo inapanda juu, na utajua habari zote za kijiji kabla hujashuka. Mwenye siku mbili tu asihangaike kuzunguka kisiwa. Usiku mmoja mjini, mmoja Kendwa kama shida yake ni kuogelea, au Jambiani kama mwezi ni mpevu na yuko tayari kuamka mapema.