Jibu: Akili mnemba kwa kikosi cha zimamoto, tuanzie wapi?

Ndugu muulizaji, nimekuelewa: mkuu wenu anataka programu ya akili mnemba isikilize simu za dharura, ilhali kumbukumbu zenu za matukio bado zimo madaftarini. Kwa uzoefu wangu wa chumba cha kupokea simu, ningeanza na madaftari hayo: saa simu ilipoingia, saa gari lilipotoka, saa lilipofika na mahali penyewe, kwani bila hayo programu yoyote itabahatisha tu.

Kuhusu simu, tazameni Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, ambako programu ilitambua wagonjwa waliosimama moyo mara nyingi kuliko wapokeaji simu, lakini katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, wapokeaji waliopewa tahadhari zake hawakuwazidi wenzao wasiopewa kwa tofauti ya kuthibitika (jambo ambalo muuzaji hatawaambia). Kwa hiyo iendesheni kimyakimya kwanza, bila wapokeaji simu kuonyeshwa tahadhari zake, mkilinganisha makisio yake na yaliyotokea, hasa kwa wapigaji wenye lafudhi tofauti au wanaozungumza huku king'ora kikilia, na isiruhusiwe kamwe kuzuia gari kutoka. Rekodi za sauti ni siri za watu. Mwanasheria ausome mkataba kabla haujatiwa saini.