Barua kwa mwanangu mpiga fidla

Mwanangu,

Sisi wazima, alhamdulillahi. Barua yako imefika, na ile sauti uliyonitumia kwa simu nimeisikiliza mara nne. Mara ya nne mama yako aliizima mwenyewe, akaniambia wali unapoa. Upinde wako umetulia siku hizi. Bado unaukandamiza ukifika nchani, lakini hayo ni maradhi ya ukoo, babu yako kenda nayo kaburini.

Umeniuliza kama nyimbo za Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya mashariki, kweli ni daraja baina ya watu, kama lilivyoandikwa bango la kundi lako huko Berlin, au ni maneno ya kuuzia tiketi. Na uwajibu nini wenzako wa nyumbani wanaokuuliza imekuwaje mtoto wa Unguja anapiga muziki wa Kiyahudi, tena siku hizi.

Mambo ya madaraja siyajui. Najua fidla kidogo, basi nakujibu ya fidla.

Safari yangu ya Ujerumani unaijua, ile niliyorudi na koti lisilomtosha mama yako. Kuna jambo la safari ile sijapata kukuhadithia. Tulipewa chumba kimoja cha kuvalia pamoja na kundi la klezmeri, muziki wa harusi wa Wayahudi hao. Kijana wetu wa kanuni alikuwa anakaza nyuzi, na unajua kazi ile haina haraka. Mara akaingia mzee mfupi ameshika klarineti, hodi hakupiga. Akasimama mbele ya kanuni kama mtu aliyekutana na nduguye sokoni. Kwa ulimi wa mkalimani akasema hata kwao kipo chombo kama hicho, chaitwa tsimbl, ila wao nyuzi hawazidonoi, wanazigonga kwa vijiti viwili. Mzee alizaliwa Chernivtsi, mji ambao leo uko Ukraini na utotoni mwake ulikuwa Romania.

Kisha akapiga, polepole, bila ngoma, kama mtu anayesema peke yake barazani. Mwanangu, ilikuwa hijazi, ngazi ile ile ya noti tunayoipiga sisi. Ile nafasi pana baina ya noti ya pili na ya tatu, inayomfanya mtu mzima aangalie chini. Wao wanaiita freygish. Nikachukua fidla nikamjibu, naye akanijibu, na hatukuwa na lugha hata moja ya kuulizana hali. Baadaye ndipo nilipojua njia iliyopita. Waturuki walikuwa na mkono wao Moldova karne kadhaa, na huko wapigaji wa Kiyahudi na wa Kiroma, wale Waroma wanaoitwa Majipsi, si watu wa mji wa Roma, wakila harusi hizo hizo, wakiibiana nyimbo hizo hizo. Taarabu yetu ikaja kwa mlango wa Misri, tangu enzi za Sayyid Barghash. Mto mmoja, ndoo mbili.

Bwana wa tamasha akatusikia, akafurahi, akatupandisha jukwaani usiku ule ule, na neno daraja likatajwa kwenye kipaza sauti. Nikajionyesha. Madoido juu ya madoido, watu wakapiga makofi, mzee akashusha klarineti akanisubiri nimalize. Hilo nalipita haraka, nina aibu nalo.

Lakini linaloniuma ni la baadaye, tulipokuwa tunapakia vyombo kwenye basi. Mzee alinifuata na klarineti yake. Akanipigia wimbo wa babake, wa kuwasindikiza wakwe nyumbani alfajiri, harusi ikiisha, watu wamechoka, viatu mkononi. Wana jina la nyimbo hizo, maana yake ni wimbo wa mtaani. Ulikuwa na vipande viwili. Cha kwanza nilikidaka pale pale. Cha pili kina pindo moja gumu, akakirudia mara tatu, na dereva anapiga honi. Akaniangalia, kwa macho tu: umekipata? Nikaitikia kwa kichwa. Nimekipata.

Sikukipata.

Sikio kwanza, mkono baadaye. Nimekuimbia hayo tangu una miaka sita, na siku yalipohitajika mimi nilikuwa mkono mtupu.

Ndiyo maana mkasa wa Maramureș unanikaa kooni. Kule kaskazini mwa Romania, wapigaji wa Kiroma walikuwa wanaalikwa kwenye harusi za Kiyahudi. Mwaka 1944 Wayahudi wa huko walipakiwa kwenye treni, wakapelekwa Auschwitz. Waroma wenyewe walikuwa wanawindwa na Manazi hao hao. Miaka mingi baadaye kundi la Muzsikás kutoka Hungaria likaenda kuuliza, likakuta nyimbo zimebaki vidoleni mwa wazee wa Kiroma, mmojawapo mpiga fidla Gheorghe Covaci. Mwaka 1993 wakazitoa kwenye santuri. Nani aliwaambia wale wazee wazihifadhi? Waliajiriwa kupiga, wakalipwa, basi. Lakini walikuwa wamesikia vizuri.

Hilo mimi siliiti daraja. Daraja unavuka, unakwenda zako. Ile ni amana.

Halafu najiuliza mwenyewe: amana si hurudishwa kwa mwenyewe? Waliouawa ni milioni 6 hivi, na wengi wao lugha yao ilikuwa Kiyidi. Covaci amrudishie nani? Labda neno langu nalo halifiki mbali kuliko la bango lako.

Na umenitajia Paul Robeson, ukidhani umenifunga mdomo. Namjua Robeson, Mmarekani mweusi aliyesoma Kiswahili London miaka ya 1930. Juni 1949 aliimba Moscow, kwa Kiyidi, wimbo ambao maneno yake yalitungwa na kijana Hirsh Glik mwaka 1943 ndani ya geto la Vilna, mtaa Manazi walimowafungia Wayahudi. Aliuimba huku akijua rafiki yake Itzik Feffer, mshairi wa Kiyidi, yumo gerezani mle mle mjini. Hakuna mtu aliyefanya jambo la kiume kuliko hilo kwa sauti yake. Na Feffer serikali ya Kisovieti ikampiga risasi, tarehe 12 Agosti 1952. Wimbo haukumvusha. Sasa utasema, baba, kwani ulikuwa na kazi hiyo? Sijui, mwanangu. Nakuandikia nimeshika kichwa.

Kwa wenzako, waambie hili ukitaka. Lugha ile iliandikwa kwa herufi za Kiebrania kama yetu ilivyoandikwa kwa za Kiarabu, imekusanya maneno ya kila jirani aliyepita, na wenyewe wenye elimu waliitukana wakiiita lahaja ya jikoni, kama tulivyotukanwa sisi. Haijapata kuwa na jeshi. Hata Israel, miaka yake ya mwanzo, iliibana, magazeti na michezo ya kuigiza, ili Kiebrania kikae peke yake. Wakikujibu kwamba anayelia leo hana nafasi ya kusikiliza historia ya herufi, usibishane nao. Nao wana haki. Shangazi yako aliniambia hivyo hivyo jana, na sikuwa na la kumrudishia ila kumwongezea chai.

Usiniulize kama uendelee na kundi hilo au uache. Jibu ninalo, linaniwasha ulimi tangu juzi, lakini mama yako anasema una miaka thelathini na moja, na kila nikifika sentensi hiyo ananikanyaga mguu.

Kaka yako amenirekodia kile kipande cha kwanza, kiko kwenye simu yako sasa. Nimekipiga bila madoido hata moja, utanisamehe mkono, baridi yabisi. Mpigie yule mama wa kodiani uliyesema ametoka Moldova, na usimwambie kitu kabla, asikilize tu. Akijua kinakwendaje baada ya pale, usiniandikie, nipigie. Hata usiku.

Na uzi wa kwanza, ule mwembamba, nitumie miwili. Huku wanauza wa waya wa baiskeli.

Baba yako