Ernest Borgnine alidumuje katika uigizaji?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimemwona Mmarekani Ernest Borgnine akiigiza watu wakatili katika filamu za zamani, kisha nikamwona akichekesha kwenye televisheni. Je, alianza kazi akiwa mdogo, na alidumuje zaidi ya nusu karne bila kuwa na sura ya kijana mtanashati?

JIBU: Ndugu msomaji, hakuanza mapema hata kidogo. Borgnine, aliyezaliwa mwaka 1917 huko Hamden, Connecticut, na wazazi wenye asili ya Italia, alitumikia jeshi la wanamaji kwa takriban miaka kumi, na ni baada ya Vita Kuu ya Pili ndipo mama yake alipomshauri ajaribu uigizaji. Alisomea fani hiyo Hartford, kisha akajiunga na Barter Theatre, kundi la maigizo ya jukwaani huko Virginia.

Kuhusu sura, uso mpana, mwili mnene na meno yenye mwanya vilimpatia kwanza nafasi za waovu, kama yule sajini anayemtesa askari aliyeigizwa na Frank Sinatra katika From Here to Eternity (1953). Mwaka 1955 ndio uliobadili mambo. Katika Bad Day at Black Rock yeye ni mbabe anayechapwa mkahawani na mtu wa mkono mmoja, aliyeigizwa na Spencer Tracy; katika Marty, iliyotoka mwaka huohuo, ni muuza nyama mpole wa Bronx, mtaa wa New York, aliyekata tamaa ya kupata mchumba. Marty ilimpa Oscar ya mwigizaji bora, na miongoni mwa walioshindwa alikuwamo Tracy mwenyewe, aliyeteuliwa kwa filamu ile aliyomchapa.

Kilichomdumisha, kwa maoni yetu, ni kutobagua kazi. Wakati nyota wengi wa sinema waliiona televisheni kuwa ni kushuka hadhi, yeye aliongoza McHale's Navy (1962 hadi 1966), kichekesho cha wanamaji, maisha aliyoyajua vyema. Kwenye sinema aliigiza pia katika The Wild Bunch (1969), akaingia Airwolf, tamthilia ya televisheni, miaka ya 1980, na kuanzia 1999 akatoa sauti ya Mermaid Man katika katuni za SpongeBob. Mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 92, aliteuliwa kuwania Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, kwa kushiriki ER, tamthilia ya hospitali. Alifariki Julai 2012, akiwa na miaka 95.

Ukizipata, tazama zile mbili za 1955 kwa kufuatana, ukianza na ya Tracy.