Stilwaya ya sufuria kwenye ncha ya ekzosi

Umeuliza kama unaweza kusugua masizi kwenye ncha ya ekzosi yenye kromu kwa stilwaya ya sufuria. Hapana mkuu, itaikwaruza. Kromu ni ngozi nyembamba tu juu ya chuma; ikishachubuka, kutu inaanzia hapohapo na hakuna polishi itakayoirudisha. Tunaosha magari kila siku, na ncha nyingi zinazoletwa zina michirizi ya aina hiyo.

Subiri bomba lipoe kabisa kwanza. Masizi yanalainika kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, na ndani unaingiza mswaki wa zamani. Yakigoma, kunja karatasi ya foili, ilowanishe, sugua taratibu: alumini ni laini kuliko kromu. Kausha, kisha pitisha Brasso kidogo kwa kitambaa laini. Dawa kali za asidi za kuoshea rimu achana nazo, zinaunguza ngozi ya mikono na kuacha madoa kwenye kromu.

Ila pitisha kidole ndani kabla hujaosha. Masizi makavu ni kawaida. Yakiwa na unyevu wa mafuta, huenda injini inakula oili, muone fundi.